Ubeti Uliorukwa

Shuka za wodi ya wanawake zilizama karoni saa moja na robo asubuhi, na Mama Saa akaanza wimbo kabla povu halijatulia. Aliuanza chini, kwa sauti ya mtu ambaye mgongo unamuuma tangu juzi, kisha akaupandisha taratibu kama anayepanda ngazi na ndoo.

"Jua linapochomoza, nguvu zangu ni chache..."

Chumba cha pili, mpiga pasi, ambaye kila mtu alimwita Pasi, aliitikia bila kuinua kichwa. Kwenye lundo la nguo chafu, Chapuchapu, binti aliyefanya kila kitu mbio isipokuwa kufika kazini, akaingia na sauti ya pili. Wimbo namba mia mbili sitini na tatu: ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano. Halafu tena tangu mwanzo. Kiitikio kilipokwisha mara ya mwisho, Mama Saa alivuta shuka ya kwanza kutoka kwenye maji ya klorini na wenzake wakaja kumsaidia kukamua. Dakika kumi. Si tisa, si kumi na moja.

Dakika hizo hazikuwa mchezo. Shuka yenye damu ikitolewa mapema, vidudu vinabaki hai na kwenda kumsalimia mgonjwa mwingine. Ikichelewa sana, klorini inaila yenyewe. Na saa ya ukutani ilikuwa imekufa miaka mitatu iliyopita, saa sita na dakika nane, ikabaki pale pale ikisema hivyo hivyo asubuhi na jioni. Simu hazikuruhusiwa humo ndani tangu mtu apige picha ya lundo la shuka na picha hiyo kutembea mji mzima. Zilifungiwa kabatini getini. Saa ya mkononi nayo ilikatazwa, maana anayeshika nguo za wagonjwa havai kitu chini ya kiwiko. Msimamizi wa zamani aliandika barua ya kuomba saa mpya. Akaandika ya pili. Ya tatu aliiandika wiki aliyostaafu, labda kwa mazoea tu.

Ndiye aliyegundua mbinu ya wimbo. Siku moja alisimama mlangoni, mbali na maji, saa yake mkononi, akawaambia waimbe kitu wanachokijua wote. Wimbo wote mara moja haukufika. Mara mbili ukazidi dakika mbili na nusu. Wakakuna vichwa. "Turuke ubeti wa nne," dobi mmoja akasema. "Huo hata kanisani hatuuimbi." Wakauruka, ikatimia kumi kamili, mzee akapiga makofi kama mtoto, na yule dobi akawa Mama Saa tangu siku hiyo.

Mama yake mzazi hakuusamehe uamuzi ule. Bibi yule alikuwa amefundisha kwaya miaka thelathini kabla ya mtoto wa jicho kumfunika macho yote mawili, na kwake kuruka ubeti kulikuwa sawa na kuruka mtu mezani wakati wa kugawa chakula. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa wameligusa tena jambo hilo. Alikuwa ameketi kitandani, kitabu cha nyimbo mapajani, kitabu asichoweza tena kukisoma lakini alichokishika kila siku.

"Nisomee wa nne," alisema. "Mingine yote ninayo kichwani. Huo umenitoka, na ndio wenye habari yenyewe."

"Jioni, mama. Nimechelewa."

"Jioni yako siijui inakuja lini. Mmekata wimbo katikati, mnamwimbia Mungu vipande."

"Alhamisi wakikutoa huo ukungu utasoma mwenyewe."

"Wakinitoa," mama yake alisema, na kupapasa kikombe.

Alhamisi. Hilo ndilo jambo alilolibeba Mama Saa kifuani akiinama karoni. Foleni ya upasuaji wa macho kwa watu wa kawaida ilikuwa imefika mwakani, tena mwishoni mwa mwakani. Lakini mfanyakazi wa hospitali mwenye kadi aliweza kumleta mzazi wake, na mama yake alikuwa amepangiwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Leo ilikuwa Jumanne, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kubandikwa orodha ya vibarua watakaoongezewa mkataba. Miaka kumi na mmoja jina lake lilikuwa likirudi kwenye orodha hiyo. Asiyekuwemo alirudisha kadi na aproni kesho yake asubuhi. Ndivyo ilivyofanywa siku zote, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Saa mbili msimamizi mpya aliingia na faili kwapani. Hakuna aliyewahi kumwona bila hilo faili, na Chapuchapu alikuwa akiapa kwamba hata chooni huenda nalo. Walimwita Bwana Faili, nyuma ya mgongo wake.

"Wakaguzi wa wizara wako ofisini kwa mganga mkuu," alisema huku akisoma karatasi. "Watapita kila idara. Kwa hiyo leo hakuna kelele. Hizo nyimbo zenu, basi."

"Zenyewe ndizo tunazopimia, bosi," Mama Saa alisema.

"Hii ni taasisi ya serikali, mama, si kanisa. Mkaguzi akipita akasikia kwaya ataandika nini?"

"Na saa?"

"Saa imeagizwa."

"Tangu mwaka juzi?"

"Imeagizwa," Bwana Faili alirudia, akageuza karatasi. "Imbeni moyoni. Mungu si kiziwi."

Akaondoka. Hakuwa amemtazama mtu yeyote usoni; alizungumza na karatasi na karatasi ikamkubalia.

"Haya, tuimbe moyoni," Chapuchapu alisema. "Tuone."

Wakajaribu. Mzigo wa kwanza Chapuchapu alimaliza wimbo wakati Mama Saa yuko ubeti wa tatu wa mzunguko wa pili. Pasi, kule chumba cha pili, alitoka na kuuliza mbona kimya, kuna msiba? Wakakubaliana kwamba Mama Saa ndiye ahesabu na wengine waendelee na kazi zao. Ilionekana ni akili. Ila siku zote walizokuwa wakiimba, masikio ya watu watatu yalilinda karo moja. Mtu akikosea ubeti, mwingine alimrudisha. Sasa lililindwa na kichwa kimoja kilichoamka saa kumi.

Saa nne zilikuja shuka za kijani za chumba cha upasuaji, kumi na nne. Chapuchapu alikuwa amepeleka toroli wodini. Mama Saa alizizamisha, akasimama, mikono kwenye ukingo wa saruji, akaanza moyoni. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Na hapo, kwa kuwa hapakuwa na sauti ya mwenzake wa kumvuta kwenda wa tano, akili yake ikaenda inakotaka. Ikaenda wa nne.

Alikumbuka neno la kwanza: mjakazi. Mjakazi jangwani. Halafu nini? Maji, kulikuwa na maji. Alimwona mama yake amesimama mbele ya kwaya, yeye mwenyewe msichana wa miaka kumi na mbili mstari wa mbele, mkono wa mama unashuka, midomo yote inafunguka. Maji ya nani? Aliurudia mstari wa kwanza apate kasi ya kuingia wa pili, kama mtu anayerudi nyuma ili aruke mtaro. Haukuja. Akarudi tena. Kulikuwa na kitu kuhusu kichaka. Uchovu wa wiki nzima ulimshuka mabegani, na kwa muda huo mfupi alikuwa mahali pazuri, kanisani, mchana, hana karo wala kadi, anatafuta neno moja tu.

Ni harufu iliyomrudisha. Alivuta shuka ya juu. Ukijani ulikuwa umepauka ukawa na mabaka ya manjano. Akaikamua, na pembe yake ikabaki mkononi.

"Yesu wangu," alisema, na hiyo ikawa sauti ya kwanza kusikika chumbani humo tangu Chapuchapu aondoke na toroli.

Walizisuuza zote kumi na nne, yeye na Chapuchapu aliyekuwa amerudi, wakiharakisha kana kwamba maji baridi yangerudisha rangi. Tisa zilikuwa zimekwisha.

"Sema ni mimi," Chapuchapu alimnong'oneza. "Mimi sina mtu wa kufanyiwa upasuaji."

"Acha ujinga. Na wewe unaitaka hiyo orodha."

"Basi tuseme zilikuja hivyo."

Mama Saa alitikisa kichwa. Alikuwa amechoka mno kutunga uongo. Uongo nao unataka nguvu za kuulisha kila siku. Akafuta mikono, akaenda mwenyewe.

Ofisini kwa Bwana Faili kulikuwa na mgeni, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, ameketi pembeni akipekua madaftari ya idara. Mkaguzi. Bwana Faili alimwonyesha Mama Saa kiti kwa kalamu, kisha akabadili nia na kumwonyesha asimame.

"Namba yako ya kazi?"

"Arobaini na sita."

"Idara?"

"Bosi, asubuhi si ulikuwa kwetu?"

"Idara," alisema, macho kwenye fomu.

"Ufuaji."

Aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Kisha akaigeuza fomu na kuisukuma mbele yake. Kwa juu ilisema: Maelezo ya Mtumishi Kuhusu Uzembe. Chini yake alikuwa ameshajaza kwamba mtumishi namba arobaini na sita aliharibu shuka tisa za upasuaji kwa kutokuwa makini, na kwamba anakubali kosa.

"Weka sahihi."

"Umeandika nusu tu," Mama Saa alisema. "Andika pia kwamba niliambiwa ninyamaze."

"Fomu haina nafasi ya hayo."

"Ina nafasi ya uzembe wangu."

"Mama, usinichoshe. Utaniambia niandike kwamba shuka zimeungua kwa sababu hukuimba?"

Mkaguzi aliinua uso kutoka kwenye daftari. "Kwa sababu hakuimba nini?"

Bwana Faili alianza kueleza kwamba ni mambo ya kienyeji tu ya wafuaji, lakini mkaguzi alikuwa ameshamgeukia mwanamke mwenyewe. Mama Saa akaeleza. Aliieleza saa iliyokufa, simu, viwiko, mzee aliyestaafu, wimbo mia mbili sitini na tatu bila ubeti wa nne, mara mbili. Alieleza kwa kifupi, kama mtu anayemweleza daktari maumivu ya zamani.

"Dakika kumi kamili?" mkaguzi aliuliza, akivuta mkono wa koti na kutazama saa yake. Alikuwa na uso wa mtu ambaye tangu asubuhi hajapata cha kumfurahisha. "Haya, imba."

"Hapa?"

"Hapa."

Mama Saa aliona aibu. Kuimba karoni ilikuwa kazi, na kanisani ilikuwa ibada, lakini hapa ni kuutoa wimbo kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari. Akafumba macho. Jua linapochomoza. Sauti ilitetemeka ubeti wa kwanza, wa pili ikasimama. Alipofika kiitikio, "Waniona, Bwana wangu, hata nisipoonwa," mtu fulani kwenye benchi la ukumbini, mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, aliitikia. Halafu mwingine. Bwana Faili aliinuka akafunga mlango. Mama Saa aliendelea hadi mwisho, akaruka panaporukwa, akarudi mwanzo, akamaliza. Alipofumbua macho mkaguzi alikuwa bado anatazama saa.

"Dakika kumi na sekunde nne," alisema. "Ajabu kweli." Akamgeukia Bwana Faili. "Yaani hospitali hii inaua vidudu kwa wimbo?"

"Saa imeagizwa, mheshimiwa."

Mkaguzi aliandika sentensi mbili ndefu kwenye daftari lake, akasema asante mama, na akaenda idara nyingine. Fomu ilibaki mezani bila sahihi. Bwana Faili aliichukua na kuitia kwenye faili hivyo hivyo.

Na hapo mambo yakaenda kwa kasi ambayo Mama Saa hakuwahi kuiona katika miaka kumi na mmoja. Saa saba mchana fundi alikuja na ngazi na saa ya duara, nyeupe, iliyotolewa ukutani kwa katibu wa mganga mkuu. Alitoboa, akaitundika, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Ilikuwa inatembea. Chapuchapu alicheka hadi akakaa chini.

"Umeiimba ikaja, Mama Saa! Kesho imba tuletewe mashine!"

Hata Pasi alitabasamu, na Pasi hakuwa mtu wa tabasamu. Mama Saa aliutazama mshale mwembamba ukizunguka, akahisi kitu kama matumaini kikimtambaa kifuani. Labda yule mkaguzi alisema neno. Labda kweli kuna mtu alisikia.

Saa nane orodha ilibandikwa kwenye ubao wa ukumbini. Chapuchapu alikuwemo. Pasi alikuwemo. Arobaini na tano, kisha arobaini na saba. Mama Saa aliisoma mara tatu kwa kidole, kisha akashuka nacho hadi chini kabisa, kwenye sahihi na muhuri, na hapo akakuta tarehe. Ilikuwa ya Jumapili. Orodha ilikuwa imechapwa na kutiwa muhuri siku mbili kabla ya shuka kuungua. Uzembe wake ulikuja kutafutwa baadaye, na yeye mwenyewe ndiye aliyeupeleka ofisini kwa miguu yake.

Bwana Faili alikuwa anapita. "Wanapunguza," alisema, akiongea na ubao. "Si mimi. Kadi na aproni kesho saa mbili, mama."

"Alhamisi mama yangu ana..."

"Kesho saa mbili," alisema, akaingia ofisini.

Chapuchapu alimkumbatia na mikono yake yenye maji, akalia kwa sauti mpaka watu wakageuka. Mama Saa hakulia. Alirudi akamalizia mzigo uliokuwa karoni, kwa sababu ulikuwa karoni. Alisimama mbele ya saa mpya na kungoja dakika kumi zipite, mdomo umefungwa, na zilikuwa dakika kumi ndefu kuliko zote alizowahi kusimama pale.

Alifika nyumbani saa tisa na nusu. Walikuwa na chumba kimoja na ukumbi mdogo, na mwanga mzuri wakati huo uliingia mlangoni. Mama yake alikuwa ameusogeza uso kuelekea huko, kama alivyofanya kila alasiri.

"Umewahi," alisema. "Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi kaa. Jioni imefika mapema, nisomee ubeti wangu."

Mama Saa alikaa kwenye kigoda. Njiani alikuwa amepanga maneno: mama, ya Alhamisi yameharibika. Aliyapanga vizuri tu, lakini yalikuwa mazito kuyaanza, na kusoma kulikuwa rahisi zaidi. Akachukua kitabu, akafungua mia mbili sitini na tatu. Ukurasa ulikuwa umechakaa kwa vidole juu na chini, na katikati palikuwa pasafi, kama kipande cha sakafu kilichofichwa na kabati.

"Mjakazi jangwani pale, maji yamemwishia," alisoma. "Kamlaza kichakani mwanawe, akalia. Waliomtuma kazi hawakumtazama. Kisimani akasema: Bwana, umeniona."

Alipofika "hawakumtazama" alishusha sauti, na mstari wa mwisho aliusoma kwa kunong'ona. Machozi aliyowanyima watu wa hospitalini yakamtoka hapo. Mama yake alinyoosha mkono akayapata usoni mwake bila kuyaona.

"Wamekuondoa," alisema.

"Wameniondoa. Kadi inarudi kesho. Alhamisi haipo tena, mama. Nisamehe."

Mama yake alimpangusa mashavu kwa kiganja. Nje mtu alikuwa akiburuta dumu la maji.

"Huyo ni Hajiri," alisema hatimaye, kwa sauti yake ya kufundishia. "Aliondoka nyumba ya Abrahamu mara mbili. Mara ya kwanza alitoroka mwenyewe, ana mimba, akakutwa kisimani na malaika, ndipo akamwita Mungu kwamba ni Mungu aonaye. Mara ya pili alifukuzwa, kapewa mkate na kiriba cha maji na mtoto wake. Mtunzi kazishona safari mbili zikawa moja. Naye labda alikuwa na dakika kumi."

Mama Saa alicheka kidogo bila kutaka, akafuta pua.

"Nilikuwa nawaambia kwaya kila mwaka. Katika Biblia nzima, mtu wa kwanza kumpa Mungu jina si nabii wala mfalme. Ni mfanyakazi wa ndani aliyekimbia bosi wake. Walikuwa wakichoka kunisikiliza." Aliupapasa ukurasa. "Na kisima je, unakumbuka? Ile mara ya pili, maji yamekwisha, mtoto anakufa?"

"Mungu akampa maji."

"Hapana. Soma vizuri siku moja. Hakuchimbiwa kisima. Alifumbuliwa macho akakiona. Kilikuwa pale pale, yeye kampa mgongo, analia." Bibi alivuta pumzi. "Mimi nimekaa kwenye ukungu huu miaka minne, na kila siku nasema, Bwana, mimi sioni, lakini wewe waniona. Mwakani, mwaka ule mwingine, nitangoja. Usijiue kwa ajili ya macho ya mtu wa miaka sabini. Weka alama hapo, kesho unisomee tena mpaka unikae."

Mama Saa alitafuta kitu cha kuweka alama. Kalamu hakuwa nayo, karatasi hakuna. Alitoa kadi ya kazi mfukoni mwa aproni, aproni ambayo ingerudi kesho, na kuilaza katikati ya kurasa. Ilianguka kifudifudi, upande wa nyuma juu, upande ambao hakuna anayeusoma kwa sababu pamejaa anwani na onyo kwa atakayeiokota. Kwenye mwanga ule wa mlangoni aliyaona maandishi madogo kabisa, chini. Akaisogeza karibu.

"Nini?" mama yake aliuliza.

"Imeandikwa, inatumika hadi tarehe thelathini. Yeye na wategemezi wake."

"Alhamisi ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nane."

Mama Saa aliyafuata maandishi hayo tena kwa kidole.

"Lakini kasema irudi kesho," mama yake alisema.

"Amesema. Haijaandikwa." Miaka kumi na mmoja alikuwa ameona watu wakizirudisha kesho yake, wakipanga mstari kwa adabu, kadi mkononi, na siku zao zimebaki humo ndani. "Kesho nitapeleka aproni. Kadi nitaipeleka Ijumaa."

"Watakugombeza."

"Wameshaniondoa, mama. Watanigombeza mpaka niingie tena?"

Bibi alicheka, kicheko cha kukohoa. Kisha akawa na wasiwasi tena. Alikuwa mtu wa miaka sabini na alizijua ofisi. "Na pale dirishani Alhamisi? Kama wamewaambia wasikupokee?"

"Basi tutakaa pale pale dirishani, wewe na mimi, mpaka mtu ainue uso."

Alisema hivyo na mara akaogopa, kwa sababu alijua mtu anaweza kukaa dirishani siku nzima na uso usiinuliwe. Alikuwa ameyaona hayo pia. Aliifunga kadi ndani ya kitabu, akakirudisha mapajani kwa mama yake, na mama yake akakikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Haya," bibi alisema. "Anzisha."

"Sina sauti leo."

"Sikuulizi sauti. Anzisha."

Akaanza. Jua linapochomoza, ingawa lilikuwa linashuka. Mama yake akaingia na sauti ya pili, nyembamba, imepasuka pembeni, lakini haikutoka mahali pake hata mara moja. Ubeti wa tatu ulipokwisha, mazoea ya miaka mitatu yakamvuta Mama Saa kuelekea wa tano, mdomo ukafunguka kwa neno la wa tano, na mkono wa mama yake ukambana goti. Akarudi. Wakauimba wa nne polepole, yeye akichungulia kitabu kilichofunguliwa tena na kumtangulizia mama yake maneno mstari kwa mstari, kisha kiitikio, kisha wa tano, kisha kiitikio tena kwa kuwa bibi hakutaka kumaliza. Ulipokwisha, Mama Saa hakujua umechukua dakika ngapi.